Zone, zona na mkanda: neno moja, maana tofauti

Kihispania kina nomino ya kawaida, zona, yenye maana ya eneo. Kifaransa husema zone, na ndiyo maana sehemu ya viwanda mjini Bujumbura huitwa Zone Industrielle. Asili yake ni Kigiriki, ambako neno hilo lilimaanisha mshipi wa kiunoni. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo kwa neno lake chenyewe: mkanda tunaufunga kiunoni, ukanda wa pwani ni eneo.

Nchini Burundi, zone pia ni ngazi ya utawala, chini ya komini na juu ya mtaa (au kilima, kwa vijijini). Buyenzi, Bwiza, Kamenge na Kinama ni zone. Zone Industrielle siyo, ingawa jina lake linadanganya; wengi huiita Quartier Industriel. Kwa hiyo anayefanya kazi kiwandani huko na kuishi Buyenzi, fomu ikimuuliza zone anayoishi, aandike Buyenzi. Angalia pia hati za zamani: kabla ya mwaka 2014 Buyenzi na wenzake zilikuwa komini, na cheti cha wakati huo kitasema hivyo. Si kosa, usikifute wala kukirekebisha kwa kalamu. Na kwa walioko Nyarugusu, zone ya kambini si zone ya asili. Fomu ya kurejea nyumbani inapouliza ulikotoka, inataka ile ya Burundi.

Ugumu zaidi uko hospitalini. Kwa Kifaransa, zona yenye “a” mwishoni ni ugonjwa, ule ambao Tanzania huitwa mkanda wa jeshi. Aliyetibiwa Bujumbura au Uvira akiwa na karatasi iliyoandikwa “zona”, amwambie muuguzi wa Kigoma “mkanda wa jeshi” na ataeleweka mara moja.

Ugonjwa huu hauletwi na uchawi wala na mdudu aliyekupitia usingizini. Virusi vya tetekuwanga haviondoki mtu anapopona. Hulala kwenye mishipa ya fahamu na vinaweza kuamka miaka mingi baadaye, hasa uzee ukiingia au kinga ya mwili ikishuka. Kwanza huja maumivu ya kuchoma, kisha malengelenge yaliyojipanga kama mkanda upande mmoja wa mwili. Dawa za kupambana na virusi husaidia zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, kwa hiyo usisubiri wiki ipite ukipaka majani. Yakitokea karibu na jicho, nenda siku hiyo hiyo, kwani uwezo wa kuona uko hatarini. Mhudumu akikushauri upime VVU, usione umeshukiwa: ni ushauri wa kawaida, kwa sababu kinga iliyoshuka ndiyo huupa ugonjwa huu nafasi.

Umajimaji wa malengelenge unaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Yafunike kwa kitambaa safi hadi yakauke, na ukae mbali na wajawazito na watoto wachanga.