Dhahabu Juu ya Mzizi: Mgogoro wa Mataji na Madaraja ya Meno, 1880–1938

Historia ya kurejesha meno yaliyopotea au kuharibika aghalabu husimuliwa kama mfululizo wa malighafi: dhahabu, pembe, kisha kauri. Usimulizi huo una ukweli, lakini unalifunika swali lililowagawa matabibu mwanzoni mwa karne ya 20: kazi iliyojengwa kwa ustadi juu ya jino ina thamani gani ikiwa mzizi unaoibeba ni mgonjwa? Insha hii inajadili namna swali hilo lilivyozuka, lilivyojibiwa kwa pupa, na lilivyokuja kusahihishwa kwa ushahidi.

Ufundi wenyewe ni wa kale. Waetruski wa Italia, tangu takriban karne ya 7 KK, walizungushia meno mazima mikanda ya dhahabu ili kushikilia jino lililowekwa penye pengo. Sheria za Mabamba Kumi na Mawili za Roma, za katikati ya karne ya 5 KK, zilikataza kuzika maiti pamoja na dhahabu, lakini zikaruhusu dhahabu iliyofunga meno. Mnamo 1728, Pierre Fauchard wa Ufaransa alieleza jinsi ya kupachika jino bandia kwa kigingi kilichoingizwa ndani ya mzizi. Katika enzi hiyo meno bandia yalichongwa kutokana na meno ya kiboko, au yalitolewa vinywani mwa wafu. Baada ya vita vya Waterloo vya 1815, meno ya askari waliouawa yaliuzwa kwa matajiri wa Ulaya.

Kufikia miaka ya 1880, matabibu wa Marekani walikuwa wamejipatia sifa kwa mataji na madaraja yasiyotoka kinywani. Taji lilifunika jino lililovunjika. Daraja liliziba pengo kwa kuegemea meno ya pande zote mbili. Mnamo 1907, William Taggart alitangaza mbinu ya kumimina dhahabu katika nafasi iliyoachwa na nta iliyoyeyushwa, na kazi ikawa na vipimo sahihi zaidi. Hata hivyo, mataji mengi ya wakati huo yalikuwa magamba ya dhahabu yasiyokaa sawasawa. Kingo zake zilipenya chini ya ufizi, mabaki ya chakula yakanasa, na usaha ukajikusanya mahali ambapo mswaki haukufika. Aidha, picha za eksirei zilikuwa bado hazijaenea katika vyumba vya matibabu ya meno. Hivyo tabibu alifunika mzizi bila kuiona ncha yake.

Katika hali hiyo, mwezi Oktoba 1910, daktari Mwingereza William Hunter alihutubia Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal. Alidai kuwa madaraja na mataji ya dhahabu yalikuwa yanafukia uoza, na kwamba uoza huo wa kinywani ulisababisha maradhi ya mwili mzima. Kuhusu kazi mbovu, Hunter alikuwa na hoja. Kasoro ilikuwa katika hatua iliyofuata. Kutokana na ukweli kwamba baadhi ya mizizi iliyofunikwa ilikuwa na usaha, wafuasi wake walihitimisha kwamba kila jino lililotiwa shaka ling'olewe, hata lisilo na dalili. Wagonjwa wenye maumivu ya viungo walipoteza meno mazima. Katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Trenton, jimbo la New Jersey, Henry Cotton aliwang'oa wagonjwa meno akiamini kuwa anawatibu wazimu.

Upinzani ulitoka ndani ya taaluma. Edmund Kells wa New Orleans, mmoja wa waliotangulia kutumia eksirei kwa meno, aliandika mnamo 1920 kwamba kung'oa meno kwa kusoma picha vibaya ni jinai. Maneno yake yalikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa mionzi hiyo hiyo ilimsababishia saratani iliyomgharimu mkono. Mnamo 1938, Russell Cecil na Murray Angevine walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 200 wa baridi yabisi, na hawakuona kwamba kuondoa vyanzo vya uambukizo kuliwapa nafuu iliyotarajiwa. Tangu hapo, nadharia hiyo ilizidi kupoteza nguvu.

Inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo mgogoro huo uliyachanganya. Kwamba taji lisijengwe juu ya mzizi mgonjwa ni kanuni iliyobaki: mzizi hupigwa picha kwanza, hutibiwa ikibidi, na kingo za taji hulinganishwa na ufizi. Kwamba jino lenye shaka ling'olewe ni hukumu iliyoanguka. Kadhalika, fikra ya kulinda jino zima iliendelea kukua. Mnamo 1955 Michael Buonocore alionyesha kuwa asidi huikwaruza enameli ili gundi ishike, na kufikia 1973 Alain Rochette alikuwa ameeleza kiungo cha chuma kinachogandishwa nyuma ya meno jirani bila kuyachonga sana.

Kwa hiyo, kipimo cha maendeleo katika historia hii si mng'ao wa kilichowekwa kinywani. Kipimo ni kiasi cha jino hai kilichosalia chini yake, na uaminifu wa ushahidi unaomruhusu tabibu kuliondoa.