Mchezo uliohamishwa kutoka Virunga

Mwaka 1984 mwandishi wa Kimarekani Michael Crichton alitoa mchezo wa kompyuta uitwao Amazon. Mchezaji hutumwa kwenye misitu ya Amerika Kusini, akiwa na kasuku aitwaye Paco. Lakini safari hiyo ilianza kuandikwa ikiwa ya huku kwetu.

Crichton alikuwa akigeuza riwaya yake ya 1980, Congo, ambayo visa vyake vinatokea hapa Virunga, mashariki mwa Kongo. Ikaonekana kwamba haki za hadithi zilikuwa zimekwisha kuuzwa kwa watu wa filamu. Basi Virunga ikawa Amazon, na Amy, gorila jike anayezungumza kwa ishara, akawa kasuku. Jambo hili huniuma. Msitu unaoweza kung'olewa bara moja ukapandikizwa jingine, na hadithi isianguke, haukuwa Virunga tangu mwanzo. Hata mji uliopotea wa riwaya hiyo Crichton aliuita Zinj, jina ambalo Waarabu waliwapa watu wa pwani ya Afrika Mashariki, mbali kabisa na volkano zetu.

Asili ya michezo ya aina hii, inayochezwa kwa kuandika maneno, ni tofauti. Will Crowther, mtunga programu na mpenda mapango, alitunga mchezo wa Adventure kwenye miaka ya 1975 na 1976 kwa kufuata Mammoth Cave ya Kentucky, pango alilotambaa ndani yake na kulichorea ramani. Mwaka 1977 Don Woods akaupanua. Hauna picha hata moja. Kompyuta inakueleza ulipo, nawe unaandika neno moja au mawili: ingia, chukua taa. Katika kila neno ilisoma herufi tano tu za mwanzo. Waliolijua pango lenyewe walizitambua njia zake.

Ulihitaji mashine kubwa kama kabati. Leo hauhitaji hata kompyuta ya mezani. Programu kama ScummVM, iliyoanza 2001, na DOSBox ya 2002 zimefufua mamia ya michezo ya kale kwenye mashine mpya, na ScummVM inakaa hata kwenye simu ya Android. Mchezo wa maandishi ni mwepesi kuliko picha moja ya simu, na ukishaupakua hauhitaji intaneti. Huku Goma, ambako umeme hukatika bila kuaga, hilo si jambo dogo.

Filamu ya Congo ilipotoka 1995, ulitoka pia mchezo wa Descent into Zinj. Mwaka huohuo Mugunga, kando ya Goma, jirani na ziwa la Lac Vert, palikuwa na mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mahema hayo yalikuwa yamesimama juu ya mawe ya volkano.

Ninautamani mchezo unaoanzia hapo Lac Vert, ukingoni mwa lile ziwa la kijani lililojaa tundu la volkano, hatua chache kutoka Ziwa Kivu. Zana zipo: lugha ya kutungia michezo ya maandishi, Inform, aliyoitunga Graham Nelson mwaka 1993, inatolewa bure. Tishio pia lipo, nalo hata wanasayansi wa ng'ambo wanaliita kwa jina letu: mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Haionekani, na huua mbuzi na watoto kwanza, maana vichwa vyao viko karibu na ardhi.

Chumba cha kwanza: uko juu ya bonde dogo, alfajiri, hakuna upepo. Chini kuna mbuzi amelala. Una mshumaa. Mchezaji anaandika: shuka. Mwali unazimika usawa wa goti. Mshale unapepesa, unangoja neno lake.