Sakafu Imeshuka, Kituo Kimebaki: Tramu na Haki ya Kusafiri

Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa jimbo la Victoria, Australia, alichapisha ripoti kuhusu tramu za Melbourne, jiji lenye mtandao mkubwa kuliko yote duniani wa usafiri huo: takriban kilomita 250 za njia na vituo zaidi ya 1,700. Ripoti ilionyesha kwamba asilimia 38 ya tramu zilikuwa za sakafu ya chini, na asilimia 27 ya vituo vilikuwa na jukwaa lililolingana na sakafu hiyo. Msomaji mwenye haraka angedhani kwamba theluthi moja ya kazi imekwisha. Mkaguzi, hata hivyo, alipima jambo la tatu: ni mara ngapi tramu ya sakafu ya chini ilisimama kwenye kituo chenye jukwaa linalolingana nayo? Kwa mwaka wa fedha 2018/19 jibu lilikuwa asilimia 15.

Kwa abiria wa kiti cha magurudumu, takwimu yenye maana ni hiyo ya mwisho. Tramu ya kisasa ikisimama katikati ya barabara isiyo na jukwaa haimfai kitu. Jukwaa zuri likijiwa na tramu ya ngazi tatu halimfai vilevile. Historia ya miaka arobaini ya tramu za sakafu ya chini imesimuliwa zaidi kama historia ya magari: mota gani, magurudumu gani, kiwanda gani. Makala haya yanashikilia kwamba masimulizi hayo yamepotosha hata bajeti, kwa kuwa yameifanya miji iamini kuwa ufikikaji hununuliwa kiwandani, ilhali sehemu kubwa yake hujengwa barabarani.

Ugumu wa kiufundi usidharauliwe. Sakafu ya tramu ya zamani ilikuwa karibu sentimita 90 juu ya reli, kwa sababu chini yake kulikaa ekseli, mota na bogi, yaani fremu zinazobeba magurudumu na kugeuka gari linapokata kona. Abiria alipanda ngazi mbili tatu, nyembamba na zenye mwinuko mkali. Mzee alipanda kwa kushikiliwa, mama mwenye kigari cha mtoto alisubiri msamaria, na mtu wa kiti cha magurudumu alibaki kituoni. Geneva ilianza kuvunja utaratibu huo mwaka 1984, kwa gari ambalo zaidi ya nusu ya sakafu yake iliteremshwa hadi sentimita 48.

Mageuzi yenyewe yalitokea Grenoble, na hayakuanzia kwa wahandisi. Serikali ya Ufaransa ilikuwa imeandaa tramu ya muundo mmoja kwa ajili ya miji yote iliyotaka kurudisha reli barabarani. Nantes iliipokea na kufungua njia yake mwaka 1985, kwa magari ya sakafu ya juu. Wakazi wa Grenoble walikubali tramu kwa kura ya maoni ya Juni 1983, lakini vyama vya watu wenye ulemavu vya mji huo vilikataa gari lile la Nantes. Havikuomba huduma ya pembeni wala gari maalumu. Vilitaka kupanda tramu ileile, kwa mlango uleule, pamoja na wengine. Muundo ukachorwa upya. Tramu iliyoingia barabarani mwaka 1987 ilikuwa na sakafu ya sentimita 34.5 katika karibu theluthi mbili ya urefu wake, milango yote ikiwa kwenye sehemu hiyo, huku mota zikiachwa kwenye ncha mbili za gari, chini ya sakafu iliyoinuka. Mlangoni kulikuwa na kibao kidogo kinachochomoza kuziba pengo. Muhimu zaidi, barabara ilijengwa upya sambamba na gari: majukwaa, njia za waenda kwa miguu na vivuko vilikuwa sehemu ya mradi mmoja. Nantes nayo ililazimika, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kuchomeka kipande cha sakafu ya chini katikati ya tramu ilizokwisha kununua.

Je, sakafu lazima ishuke? Jukwaa haliwezi kupanda? Linaweza, pale penye nafasi. Abiria wa mwendokasi Dar es Salaam anaijua njia hiyo: tangu Mei 2016 mabasi ya Barabara ya Morogoro husimama kwenye vituo vilivyoinuliwa katikati ya barabara pana, na abiria huingia bila kupanda ngazi. Manchester nayo, ilipoanzisha tramu mwaka 1992, ilirithi majukwaa ya reli ya zamani yenye kimo cha sentimita 90 na kidogo, ikachagua magari ya sakafu ya juu. Tatizo lilijitokeza katikati ya jiji. Jukwaa la kimo hicho mbele ya maduka ni ukuta, kwa hiyo baadhi ya vituo vya awali vilijengwa vikiwa na sehemu fupi tu iliyoinuliwa kikamilifu. Portland, Marekani, ilijaribu njia ya tatu mwaka 1986: lifti ndogo ziliwekwa vituoni, zikimnyanyua abiria mmoja mmoja huku gari zima likingoja. Mwaka 1997 mji huo ulileta tramu za sakafu ya chini, za kwanza Amerika Kaskazini, na lifti zikaanza kuaga. Mtu aliyenyanyuliwa kwa mashine mbele ya abiria wanaotazama saa zao alikuwa amepewa usafiri, ila hakupewa usawa.

Baada ya Grenoble, viwanda viliingia katika mashindano ya asilimia mia moja. Bremen ilionyesha mwaka 1990 kwamba sakafu nzima inaweza kuwa chini, kutoka ncha hadi ncha. Vienna ikaenda mbali zaidi: tramu yake iitwayo ULF ina mlango usiofikia sentimita 20 juu ya reli, mota zikiwa zimesimamishwa wima kwenye maungio ya mabehewa. Ni kazi ya kustaajabisha. Lakini nje ya Vienna ni Oradea tu, huko Romania, iliyoinunua, na Vienna yenyewe ilipotafuta tramu zilizofuata ilichukua muundo mwingine, wenye mlango ulioinuka kidogo zaidi.

Gharama za mashindano hayo zilikuwa halisi. Ekseli ikiondolewa ili kupisha sakafu, gurudumu la kulia na la kushoto hayazunguki tena kwa pamoja, na ule uwezo wa asili wa jozi ya magurudumu kujiongoza kwenye reli hupotea. Bogi zikifungwa zisigeuke, kila kona husukuma reli, na nguvu hiyo huishia kwenye mwili wa gari. Machi 2004 Siemens iliwashauri wateja wake waziondoe barabarani tramu za Combino zilizokwisha kwenda zaidi ya kilomita 120,000, kwa hofu ya nyufa kwenye maungio ya kuta na paa. Helsinki, yenye kona kali na vilima, ilipokea tramu 40 aina ya Variotram kuanzia 1998, ikasumbuka nazo kwa miaka mingi, na hatimaye ikaziondoa. Magari ya Artic yaliyozifuata mwaka 2013 yalirudisha bogi zinazogeuka na kukubali viti vichache viinuliwe juu ya magurudumu. Prague ilipata vyote viwili kwa tramu za Škoda 15T, zenye bogi zinazogeuka na sakafu ya chini nzima, kwa mota iliyofungwa kwenye kila gurudumu.

Ngazi ya ndani ina ubaya wake: mzee anaweza kuanguka gari linapotikisika, na abiria hawasambai vizuri. Hata hivyo, milango yote ikiwa chini na nafasi ya viti vya magurudumu ikitosha, viti vichache vilivyoinuliwa havimnyimi mtu safari. Kituo kisicho na jukwaa kinamnyima. Mji wenye fedha za jambo moja tu ungefanya vyema kununua tramu ya wastani na kujenga vituo vyote.

Hesabu ya Melbourne inathibitisha hilo. Tuchukulie kwamba tramu zake zote zingegeuka kuwa za sakafu ya chini kwa usiku mmoja. Vituo vikibaki asilimia 27, na kwa kuwa kila safari huhitaji kituo cha kupandia na cha kushukia, ni jozi 7 tu za vituo kati ya 100 ambazo zingefaa pande zote mbili. Kanuni za Australia za mwaka 2002 zilitaka vituo vyote vya tramu viwe vimefikika kabla ya kwisha kwa 2022, na magari yenyewe kufikia 2032. Mpangilio huo ulikuwa sahihi, vituo kwanza. Tarehe ya kwanza imepita na kazi haijakamilika.

Vikwazo vinajulikana. Katika mitaa mingi ya Melbourne abiria hungoja kando ya barabara, kisha huvuka njia ya magari kuifikia tramu, na sheria huyataka magari yasimame. Kujenga jukwaa hapo ni kuchukua nafasi ya maegesho, na wenye maduka hupinga. Lakini ipo njia iliyotumika Vienna na Melbourne kwenyewe: njia ya magari mbele ya kituo huinuliwa ilingane na kimo cha jukwaa, magari yakapita juu yake taratibu, na tramu inapofika yakasimama. Maegesho kadhaa hupotea. Kuyaweka mbele ya haki ya mtu kutoka nyumbani kwake ni uamuzi usiokubalika, na wanaoufanya wapaswa kuutetea hadharani.

Asiyeona ana dai lake pia, na mara nyingine linagongana na la mwenzake. Ukingo wa barabara unaomzuia mtu wa magurudumu ndio unaoiambia fimbo nyeupe kwamba barabara inaanzia hapo. Kila kinapofutwa kimo, lazima viwekwe vigae vyenye vinundu, na kwa kuwa tramu za sasa hupita kimya, tangazo la sauti kituoni haliepukiki.

Kinachobaki ni vipimo, na hapa mikataba mingi ni dhaifu. Kanuni za Marekani kwa njia mpya zinaruhusu pengo la milimita 76 kwa upana na 16 kwa kimo. Za Uingereza, 75 na 50. Ila gurudumu hulika kadiri miaka inavyokwenda, springi hubonyea gari linapojaa, na reli hutitia. Sakafu iliyolingana siku ya uzinduzi inaweza kuwa chini ya jukwaa baada ya miaka mitano. Muuza magari, mjenzi wa reli na halmashauri yenye barabara wafungwe na kipimo kimoja cha pengo, kinachokaguliwa kila mwaka katika kila kituo, gari likiwa tupu na likiwa limejaa, na matokeo yake yatangazwe kituo kwa kituo ili abiria ayajue kabla hajatoka nyumbani.