Mtahini na Msomaji: Historia Fupi ya Tasnifu kama Utanzu

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wameichunguza riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi kwa kina. Upo hata hivyo utanzu mmoja ambao wahakiki wenyewe huuandika, huusimamia na huutahini, lakini ni nadra kuufanya mada ya uhakiki: tasnifu ya chuo kikuu. Aghalabu tasnifu huchukuliwa kuwa sharti la kupata shahada. Ikishatetewa hufungwa jalada na kuwekwa rafuni, na historia yake huhesabiwa kuwa imekwisha siku hiyo.

Makala haya yanashikilia kwamba tasnifu ni utanzu kamili wenye kaida, historia na hadhira. Upekee wake umo katika hadhira. Riwaya huandikiwa msomaji asiyejulikana. Tasnifu huandikiwa wasomaji wawili kwa mpigo: mtahini, ambaye yupo, anajulikana kwa jina na ana uwezo wa kuikataa, na msomaji wa baadaye, ambaye pengine hajazaliwa. Wasomaji hawa wawili hawataki kitu kimoja. Mtahini hulinda mipaka ya taaluma. Msomaji wa baadaye mara nyingi hutoka nje ya mipaka hiyohiyo. Ili hoja hii isionekane kuwa ya wanafasihi peke yao, mifano imechukuliwa katika sheria, fedha, uchumi na sayansi ya maada.

Asili na Lugha ya Tasnifu

Neno la Kigiriki lililozaa jina la tasnifu katika lugha nyingi za Ulaya lilimaanisha kauli iliyowekwa mbele ya watu. Katika vyuo vya Ulaya vya zama za kati, kauli hiyo ilitetewa kwa mdomo. Maandishi yalikuwa kitangulizi cha malumbano. Kiswahili kilipata neno lake kutoka Kiarabu, ambako asili yake inahusu kupanga vitu kwa aina na kutunga kitabu. Maneno haya mawili yanabeba sura mbili za utanzu huu: mabishano na utunzi.

Mabadiliko makubwa yalitokea Ujerumani katika karne ya 19, hasa baada ya kuanzishwa kwa Chuo Kikuu cha Berlin mwaka 1810, ambapo tasnifu ilianza kutarajiwa kuwa utafiti ulioandikwa. Yale, Marekani, ilitoa shahada zake za kwanza za uzamifu mwaka 1861. Uingereza ilichelewa, Oxford ilianzisha shahada hiyo mwaka 1917.

Lugha nayo ilibishaniwa. Nchini Ufaransa, mtafiti wa taaluma za fasihi na falsafa alitakiwa kuandika tasnifu mbili, na ya pili ilikuwa sharti iwe kwa Kilatini. Émile Durkheim, kabla ya kutetea kazi yake kuu juu ya mgawanyo wa kazi katika jamii mwaka 1893, aliandika kwa Kilatini juu ya Montesquieu, Mfaransa mwenzake aliyeandika kwa Kifaransa. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1903. Kuondolewa kwake hakukushusha hadhi ya utafiti wa Kifaransa. Ilidhihirika kwamba Kilatini kilikuwa kaida ya mtahini, wala hakikuwa hitaji la hoja.

Sheria: Weber, 1889

Max Weber alipata shahada yake katika sheria mjini Berlin mwaka 1889 kwa utafiti wa kampuni za biashara za zama za kati, ambao aliupanua na kuuchapisha mwaka huohuo. Chini ya usimamizi wa Levin Goldschmidt, bingwa wa sheria za biashara, alisoma kanuni za miji ya Italia kama Genoa, Pisa na Florence.

Swali lake lilikuwa la kisheria: ilikuwaje watu waliofanya biashara pamoja wakaja kuwajibika kwa pamoja kwa madeni ya kila mmoja wao? Alitofautisha njia mbili. Ya kwanza ni mkataba ambao mwenye mtaji hubaki nyumbani na mwenzake husafiri na bidhaa, kisha hugawana faida; msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua hapa mfano wa mudharaba wa sheria ya Kiislamu. Ya pili ilitokana na familia: ndugu waliokula chungu kimoja na kufanya kazi pamoja walikuwa na mali moja na deni moja. Pole pole mali ya biashara ilitengwa na mali ya nyumba, na kampuni ikazaliwa.

Kwa mtahini wa mwaka 1889 hii ilikuwa tasnifu ya historia ya sheria. Kwa wasomaji wa karne ya 20 imekuwa mlango wa kuingilia sosholojia nzima ya ubepari. Weber hakuliondoa swali katika sheria. Wasomaji ndio waliolihamisha.

Fedha: Bachelier, 1900

Mnamo tarehe 29 Machi 1900, Louis Bachelier alitetea tasnifu mjini Paris kuhusu biashara ya kubahatisha bei. Mmoja wa watahini alikuwa Henri Poincaré, mwanahisabati mashuhuri kuliko wote nchini Ufaransa wakati huo. Bachelier alichunguza bei za dhamana za deni la serikali katika Soko la Hisa la Paris, pamoja na mikataba ya kununua au kuuza baadaye. Alidai kwamba, kwa kuwa kila mauzo yana mnunuzi anayetarajia bei ipande na muuzaji anayetarajia ishuke, matarajio ya mbahatishaji kwa wastani ni sifuri. Kutokana na msingi huo alionyesha kwamba upana wa mabadiliko ya bei hukua kwa kipeuo cha pili cha muda. Hisabati hiyo ilikuwa jamaa ya ile ambayo Einstein aliitumia mwaka 1905, bila ya kuijua kazi ya Bachelier, kueleza mwendo wa chembe ndogo katika maji.

Ripoti ya Poincaré ilikuwa na sifa, lakini ilitaja kwamba mada ilikuwa mbali kidogo na zile zilizozoeleka kwa watahiniwa. Tasnifu ilipewa daraja lisilokuwa la juu kabisa. Mwaka 1926 Bachelier alinyimwa kazi Dijon, baada ya Paul Lévy kuliona kosa katika kazi yake ambalo kwa hakika lilitokana na kutoisoma yote. Kolmogorov alipomtaja Bachelier mwaka 1931, Lévy alirudi kuisoma na akamwomba radhi. Wanauchumi walichelewa zaidi: ni katika miaka ya 1950 ambapo mwanatakwimu Leonard Savage aliwauliza wenzake, Paul Samuelson akiwa miongoni mwao, iwapo walimjua mtu huyu. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1964. Bachelier alikuwa amefariki mwaka 1946. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes, na kando yao Robert Merton, walitoa kanuni ya kukadiria bei ya mikataba ya aina ileile aliyoichunguza yeye.

Mtahini hapa hakukosea kwa chuki. Aliipima kazi kwa kaida za hisabati ya wakati wake, na kwa kaida hizo soko halikuwa mahali pa heshima pa kutafutia maswali.

Uchumi: Ambedkar, 1923

Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la waliobaguliwa kuwa najisi nchini India, alipata udaktari wa sayansi London mwaka 1923 kwa tasnifu juu ya tatizo la rupia. Aliufuatilia mwenendo wa sarafu hiyo tangu ilipotegemea fedha hadi ilipofungamanishwa na paundi ya Uingereza, akaupinga mfumo ambao John Maynard Keynes alikuwa ameutetea mwaka 1913. Hoja yake ni kwamba sarafu inayoachwa mikononi mwa watawala wanaoweza kuiongeza wapendavyo hupoteza thamani, na wanaoumia kwanza ni watu wa kipato kisichopanda.

Mada hii haikuwa ya India peke yake. Rupia ilikuwa sarafu ya Kenya pia. Thamani yake ilipopanda, mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliikita kwenye shilingi mbili za Uingereza, badala ya shilingi moja na peni nne za awali; kwa hatua hiyo, waliodaiwa kwa rupia waliona madeni yao yakiongezeka kwa nusu yakipimwa kwa paundi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1921, ingawa Zanzibar iliendelea kutumia rupia yake hadi mwaka 1936. Tasnifu iliyotetewa London ilikuwa inaeleza, bila ya kuwalenga, mifuko ya watu wa Mombasa na Nairobi.

La kuzingatiwa zaidi ni mwenendo wa mwalimu wake, Edwin Cannan. Tasnifu ilipochapishwa, Cannan aliiandikia dibaji ambamo alikiri kwamba hakukubaliana na sehemu kadhaa za hoja, lakini akasifu upya wake. Hapa mtahini na msomaji walikutana katika mtu mmoja: aliyeweza kupinga hoja bila ya kuifungia mlango.

Sayansi ya Maada: Franklin, 1945

Rosalind Franklin anakumbukwa zaidi kwa picha za DNA. Tasnifu yake, iliyompatia uzamifu Cambridge mwaka 1945, ilihusu makaa ya mawe. Tangu mwaka 1942 alifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa matumizi ya makaa hayo. Alipima ujazo wa makaa kwa kutumia gesi ya heli, ambayo atomu zake ni ndogo mno, akalinganisha na vimiminika vyenye molekuli kubwa zaidi. Tofauti ya vipimo ilionyesha kwamba ndani ya makaa mna vitundu vyenye milango myembamba: molekuli ndogo hupita, kubwa huzuiliwa. Makaa ni chekeche, na joto hubadili upana wa matundu yake.

Kwa mhakiki, tasnifu ya aina hii ni mtihani. Kaida ya sayansi humtaka mwandishi ajifiche katika kauli ya kutendwa: kilipimwa, kilipashwa, ilionekana. Hata hivyo uteuzi wa swali, mpangilio wa vipimo na uamuzi wa mahali pa kusimama ni kazi za mtunzi. Somo hilo la kaboni alilipeleka Paris mwaka 1947, na mwaka 1951 alichapisha upambanuzi wa kaboni zinazogeuka grafaiti zikipashwa joto na zile zisizogeuka, ambao umebaki msingi katika sayansi ya maada.

Mpaka Unaohama: Markowitz

Mgongano wa mtahini na msomaji ulidhihirika waziwazi Chicago. Harry Markowitz aliandika tasnifu juu ya jinsi mwekezaji anavyoweza kuchagua mkusanyiko wa hisa kwa kuzingatia faida inayotarajiwa na hatari kwa pamoja, hasa jinsi bei za hisa zinavyopanda na kushuka pamoja. Katika utetezi, Milton Friedman alidai kwamba kazi hiyo haikuwa uchumi, na kwa hiyo haingestahili shahada ya uchumi. Shahada ilitolewa hata hivyo, mwaka 1954. Alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1990, Markowitz alikubali kwamba siku ya utetezi nadharia yake kweli haikuwa sehemu ya uchumi; sasa ilikuwa.

Markowitz mwenyewe aliiona hoja yake katika fasihi. Katika makala ya mwaka 1999 juu ya historia ya nadharia hiyo, alimtaja Antonio wa Shakespeare, ambaye mali yake imegawanywa katika merikebu na bandari mbalimbali. Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Antonio kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere ya mwaka 1969. Tamthilia hiyo inasema zaidi ya alivyosema Antonio. Habari za kupotea kwa merikebu zake zote zinapofika, ratili ya nyama aliyoiweka rehani awali huyatia maisha yake hatarini. Kugawanya hakutoshi ikiwa vilivyogawanywa vinaweza kuangamia pamoja: hilo ndilo swali la tasnifu ya Chicago.

Afrika Mashariki

Mtahini wa kwanza wa tasnifu za Afrika Mashariki alikuwa ng'ambo. Kuanzia mwaka 1949 Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London, na shahada zilikuwa za London. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia mwaka 1963 hadi 1970, kilirudisha mamlaka hayo nyumbani. Matunda yalionekana: tasnifu ya sheria ya Issa Shivji, iliyompatia uzamifu Dar es Salaam mwaka 1982 na kuchapishwa mwaka 1986, iliisoma sheria ya kazi ya Tanzania kwa kuanzia na wafanyakazi walioihitaji.

Suala la lugha limebaki. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilidhihirisha kwamba utafiti wa juu unaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Istilahi hazikukosekana kabisa hata katika sayansi; Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo tasnifu za sheria, fedha na sayansi kwa jumla huendelea kuandikwa kwa Kiingereza, jinsi Durkheim alivyomwandikia mtahini wake Kilatini. Mfanyabiashara ambaye mkopo wake umechunguzwa katika tasnifu hiyo hana njia ya kuwa msomaji wake wa pili.

Hitimisho

Tasnifu zilizojadiliwa zilikuwa na mitazamo, mbinu na hatima tofauti. Zinalingana katika jambo moja: hakuna iliyomalizwa na mtahini. Ya Bachelier ilingoja zaidi ya nusu karne. Ya Markowitz ilihamisha mpaka uliotumiwa kuipinga. Ya Ambedkar ilipata mtahini aliyejua kuwa msomaji.

Hili lina maana kwa idara zinazotahini. Swali la iwapo kazi ni ya taaluma hii au ile ni halali, lakini historia inaonyesha kwamba ndilo swali ambalo watahini hodari walilijibu vibaya mara nyingi. Siku hizi tasnifu nyingi huhifadhiwa kielektroniki, na kuzifikia si kazi ngumu tena. Kuzisoma ni jambo jingine. Uhakiki wa fasihi, ambao kazi yake ni kusoma, una wajibu wa kuzitoa rafuni, za wanasheria na za wanakemia zikiwemo, na kuziuliza zilimwandikia nani na zilimwacha nani nje.