Mawe Yasiyo na Kivuli: Historia Fupi ya Upigaji Picha wa Kibofu cha Mbwa

Ugunduzi wa eksirei uliofanywa na Wilhelm Röntgen mjini Würzburg mwaka 1895 uliwawezesha matabibu kuyaona mawe ya kibofu bila upasuaji. Kwa mbwa, hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na upungufu. Mawe yenye kalsiamu huonekana wazi, ilhali yale ya chumvi za asidi ya yuriki, yanayowapata hasa mbwa wa aina ya Dalmatian, mara nyingi hayaachi kivuli. Kwa hiyo, madaktari wa mifugo walijaza kibofu hewa au dawa yenye iodini ili jiwe lijitokeze. Hewa nayo ilileta hatari: ikipenya kwenye mishipa ya damu, huweza kumuua mnyama. Ndiyo sababu kaboni dioksaidi, inayoyeyuka upesi katika damu, ilipendekezwa badala yake. Ultrasaundi, iliyoenea katika tiba ya mifugo kuanzia miaka ya 1980, huonyesha mawe kibofuni bila kujali madini yake. Lakini mifupa ya nyonga huzuia mawimbi ya sauti kuufikia mrija wote wa mkojo. Jiwe likikwama humo, mbwa huweza kufa ndani ya siku chache. Hivyo, picha ya eksirei yenye dawa ingali inahitajika.