Maziwa Yaliyorejeshwa kwa Mtoto wa Nyanza

Kisian ni mwendo mfupi kutoka mjini Kisumu, kando ya barabara ya Busia. Hapo ndipo ilipo maabara kubwa ya Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ambayo wengi huihusisha na mbu na malaria. Wachache hukumbuka kwamba watafiti wake walisaidia kumaliza mzozo mzito: je, mama anayeishi na virusi vya UKIMWI amnyonyeshe mwanawe?

Hofu ya miaka ya 1990 ilikuwa na msingi. Utafiti uliofanywa Nairobi kati ya 1992 na 1998 ukiongozwa na Dkt. Ruth Nduati uliwashirikisha kina mama 425. Baadhi walinyonyesha, wengine wakatumia maziwa ya kopo. Watoto walipofikisha miaka 2, asilimia 36.7 ya kundi la kunyonya walikuwa wameambukizwa, na asilimia 20.5 ya kundi la kopo. Lakini vifo vya makundi hayo mawili havikupishana sana. Kopo lilipunguza maambukizi ila halikupunguza makaburi, na hao walikuwa watoto wa jiji lenye maji ya bomba. Sembuse mtoto wa ufuoni, ambaye maji ya kukorogea maziwa yake huchotwa ziwani?

Mkoa wa Nyanza, ulio kando ya ziwa, ulikuwa umelemewa. Kufikia 2007, takriban watu wazima 15 kati ya kila 100 mkoani waliishi na virusi. Kumwambia mama wa Seme au Nyakach anunue maziwa ya kopo kwa miezi mingi kulikuwa ni kumpa ushauri asioumudu.

Mwaka 2003, KEMRI na washirika wake wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakaanza utafiti wa kunyonyesha katika hospitali kuu ya mkoa, ambayo leo inaitwa Jaramogi Oginga Odinga. Wajawazito 522 walipewa dawa tatu za kufubaza virusi kuanzia wiki ya 34 ya mimba, wakaendelea nazo hadi mtoto alipofika miezi 6. Waliambiwa wampe mtoto maziwa ya mama pekee. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: katika miezi 6, asilimia 5 ya watoto walikuwa wameambukizwa, katika miaka 2, asilimia 7. Ukikumbuka takwimu za Nairobi, utaelewa kwa nini nauona utafiti huu kuwa miongoni mwa kazi kubwa kabisa zilizowahi kutoka ufuoni mwa Ziwa Viktoria.

Kulikuwa na somo la pili, nalo lilikuwa chungu. Kufuatana na ushauri wa wakati ule, kina mama waliachisha watoto ziwa ghafla walipokaribia miezi 6. Mara kuhara kukaongezeka. Titi lilipoondolewa, kinga nayo ikaondoka.

Kinga hiyo ilianza kuchunguzwa zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1899, Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, alikuta katika kinyesi cha watoto wanaonyonya bakteria wenye umbo la matawi mawili, ambao leo wanaitwa bifidobakteria. Baadaye ikajulikana wanachokula. Maziwa ya mama yana sukari za aina zaidi ya 150 ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Hizo ni chakula cha bakteria hao. Fungua nepi ya mtoto anayenyonya tu: kinyesi ni laini, cha manjano, na harufu yake ina uchachu kama wa maziwa lala. Uchachu huo ni asidi inayotengenezwa na bakteria wema, na ndani yake vijidudu vingi vya kuhara hushindwa kustawi. Dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza ambayo baadhi ya wazee waliamuru yamwagwe, ina sukari hizo kwa wingi.

Pwani yetu imetoa ushahidi wake pia. Katika utafiti wa Kwale uliochapishwa mwaka 2015, watoto wa miezi 6 walipewa uji ulioongezwa unga wa virutubisho wenye madini ya chuma. Bifidobakteria walipungua, na bakteria wa jamii ya vijidudu vya kuhara wakaongezeka. Na huku Homa Bay, KEMRI na chuo cha tiba za kitropiki cha Liverpool waliandikisha watoto wachanga 600 katika jaribio la kuwapa bakteria wema tangu siku za mwanzo za maisha.

Desturi nazo zimebadilika. Mwaka 2003, ni asilimia 13 tu ya watoto wa Kenya wasiozidi miezi 6 walionyonya bila kuongezewa kitu. Mwaka 2014 walifika asilimia 61. Hata hivyo, mwaka 2022 walikuwa asilimia 60. Kwa miaka minane hatukusonga. Bado nyanya humwonjesha mjukuu nyuka, uji mwepesi, kabla ya wakati, akidhani analia kwa njaa.

Tangu 2016, Shirika la Afya Duniani linashauri mama anayeishi na virusi anyonyeshe kwa angalau miezi 12, na anaweza kuendelea hadi miaka 2 au zaidi, mradi anameza dawa zake bila kukosa. Kama una binti au mkaza mwana anayeishi na virusi na anaogopa kunyonyesha, mpeleke kliniki akashauriwe kabla hajanunua kopo.