Mtoto Asiyebatizwa: Polio na Kilio kwa Wamennonite

Tukiandika juu ya kilio, kwa kawaida tunaongea juu ya kilio cha wakubwa: chifu, mzee wa ukoo, mama mwenye wajukuu. Mtoto mdogo tunampita mbio. Na hata desturi zilimpita mbio. Kwa makabila mengi ya Katanga na ya Kasai, kilio cha mtoto mchanga kilikuwa kifupi: anazikwa siku ile ile, bamama ndio wanalia, watu hawakai siku nyingi. Si kwamba wazazi hawakumpenda. Alikuwa hajakaa vizuri katika dunia, na wazee waliogopa kilio kirefu kitafunga njia ya mtoto mwingine.

Sasa ingiza polio hapo. Watu husema polio haiue, inalemaza tu. Maneno hayo yametoka kwa yale tunayoyaona: ndugu wenye magongo na vigari mjini. Kati ya watoto 200 wanaopata virusi, karibu 1 anapooza. Lakini kati ya waliopooza, watoto 5 mpaka 10 kwa 100 wanakufa, juu misuli ya kupumua inasimama. Hao hatuwaoni barabarani. “Mutoto alilala na homa, asubuyi miguu haina tena na nguvu,” halafu pumzi inakatika, na jina la polio halitajwi. Kifo kinaandikwa kwa homa, ao, vibaya zaidi, kwa shangazi mmoja ama bibi mzee anayeitwa mchawi. Kwa mawazo yetu polio imevunja jamaa nyingi kwa njia hiyo kuliko kwa magongo.

Kwa Wamennonite kulikuwa na swali la pili: mtoto huyo hakubatizwa. Jina lao linatoka kwa Menno Simons, padri wa Uholanzi aliyeacha Kanisa Katoliki mwaka 1536. Wenzake wa kwanza walibatizana wakiwa watu wazima huko Zurich, mwezi wa kwanza 1525, na wengi waliuawa kwa ajili ya ile. Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya mtoto mchanga. Wao walisema mtoto hajui dhambi, yuko tayari ndani ya neema ya Kristo, abatizwe siku atakapoamini mwenyewe.

Imani hiyo ilifika Kasai mwaka 1912, pamoja na Congo Inland Mission, kule Djoko Punda na Kalamba. Reli ya B.C.K. ilipofika Ilebo mwaka 1928, njia ya kuja Katanga ikawa wazi, na Union Minière ilikuwa imeanza kutaka mfanyakazi aje na bibi na watoto. Katika kambi watoto walipimwa kilo, bamama walipewa maziwa. Lakini kambi zilikuwa na padri: Wabenediktini wa Mgr de Hemptinne. Kwa Wakatoliki wa wakati ule, mtoto akiwa karibu kufa, mtu yeyote angeweza kumwagia maji na kusema maneno ya ubatizo. Asipobatizwa, walifundishwa kwamba anakwenda limbo, na hakupewa nafasi katika udongo uliobarikiwa. Mprotestanti kutoka Kasai alikuta hapa Wametodisti, watu wema, lakini nao wanabatiza watoto. Mzazi Mmennonite alibaki peke yake na fundisho lake, jirani akimwuliza: mtoto wako amekwenda wapi?

Hapo ndipo tunaona ukubwa wa jibu lao. Wao mtoto anawekwa mbele ya kanisa, anaombewa na kubarikiwa, basi. Akifa, anazikwa na wimbo na sala sawa mtu mwingine, wala hakuna wa kuuliza maji. Kwa desturi iliyozoea kumpita mtoto mbio, hiyo ilikuwa kumpa heshima ya mtu. (Kanisa Katoliki lenyewe, katika andiko la wanateolojia wake la 2007, limesema kuna sababu ya kutumaini kwamba watoto hao wanaokoka.)

Vita vya Baluba na Lulua vilipasua Wamennonite pia. Baluba waliokimbia upande wa Tshikapa walikwenda Kasai ya Kusini, ambako njaa ya mwisho wa 1960 iliua watoto wengi sana, na huko wakaanzisha kanisa lao, pamoja na mchungaji Mathieu Kazadi. Mwaka 1992 na 1993 Bakasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, familia zikilala kwenye gare, na watoto wengi walifia pale.

Neema haikatazi chanjo. Wakati wengine kaskazini ya Katanga walikataa matone kwa sababu ya dini, kanisa la Wamennonite halina fundisho la namna hiyo. Virusi vya asili vilionekana mara ya mwisho Kongo mwezi wa 12 mwaka 2011. Lakini tangu 2017 vimetokea virusi vilivyogeuka kutoka kwa matone yenyewe, pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, kwanza Haut-Lomami, halafu hata Haut-Katanga.

Kwa hiyo masanduku ya barafu yanaendelea kushuka kwenye uwanja wetu wa Luano. Wachanjaji wanapita nyumba kwa nyumba, wanatia matone mawili mdomoni, wanapaka wino kwenye kidole kidogo cha mtoto, na kuandika mlangoni kwa chaki.